Kabla hujamwita mtu apande mwembe wako

Kila mwaka masika yanapokaribia, simu za wakata miti wa Dar es Salaam huanza kuita mfululizo. Wenye nyumba ambao kwa miezi mingi walikuwa wakipumzika chini ya mwembe bila kuutazama juu, ghafla wanaona tagaa lililolala juu ya bati, mnazi ulioinamia kwa jirani, au mkungu uliofika kwenye nyaya za umeme. Kila mmoja anataka kazi ifanyike leo, na karibu wote wana maneno yale yale: "Ni tawi moja tu, fundi. Dakika kumi unamaliza."

Mafundi wenyewe wanaicheka sana kauli hiyo. Ukiwakuta asubuhi kijiweni wakinywa chai kusubiri simu, utawasikia wakitaniana nayo. Aliyechelewa akiulizwa alikuwa wapi, anajibu, "Nilipitia tawi moja tu." Anayeagiza chapati ya nne anaulizwa, "Hilo ni tawi moja au umeamua kuangusha mti mzima?"

Utani huo una ukweli ndani yake ambao kila familia yenye mti mkubwa uani inapaswa kuujua. Kukata miti mijini ni miongoni mwa kazi za hatari zaidi zinazofanyika ndani ya uzio wa nyumba zetu. Na mara nyingi wanaoiongezea hatari si mafundi, ni sisi wenye nyumba, kwa haraka zetu na kwa kubana shilingi mahali pasipostahili. Kijana anayepanda mti wako saa tatu asubuhi ana mtu anayemsubiri jioni. Yafuatayo ni mambo ambayo mafundi wazoefu hushauriana kila siku, na ambayo mwenye nyumba naye akiyajua, watu wengi watarudi nyumbani wakiwa wazima.

Uzito wa hilo tawi moja

Tuanze na hesabu. Mti mbichi umejaa maji, na miti mingi yetu ikiwa mibichi ina uzito unaokaribia ule wa maji yenyewe. Chukua kipande cha tagaa chenye upana wa sentimita 40 na urefu wa mita 1. Kipande hicho pekee kina zaidi ya kilo 100, yaani zaidi ya mifuko miwili ya saruji ya kilo 50. Tagaa lenye unene huo na urefu wa mita 5 linafika nusu tani, kabla hujahesabu vitawi, majani na maembe yenyewe.

Sasa liache lianguke kutoka mita 6, kimo cha dari ya ghorofa ya kwanza. Linapofika chini linakwenda kwa mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa. Ndiyo maana mafundi wana msemo wao: asiyejua uzito wa mwembe aliulize bati.

Kwa sababu hiyo, tagaa kubwa lililo juu ya nyumba halikatwi likaachwa liende lenyewe. Hufungwa kamba, hukatwa vipande vidogo vidogo, na kila kipande huteremshwa polepole na mtu aliye chini, kamba ikiwa imezungushwa kwenye shina ili shina libebe mzigo badala ya mikono yake. Kazi hiyo inahitaji watu wasiopungua watatu na inaweza kuchukua nusu siku. Ukiambiwa bei, kumbuka unalipia pia lile bati ambalo halikutoboka.

Kila mti na tabia zake

Mafundi huizungumzia miti kama watu wa mtaani. Mkungu wanaupenda, kwa kuwa matawi yake yamepangwa tabaka kwa tabaka kama ngazi. Mparachichi hawauamini hata kidogo: mti wake ni mwepesi kukatika, na wenyewe husema unavunjika bila kuaga. Mkrismasi, ule wenye maua mekundu yanayopendeza mwisho wa mwaka, nao huangusha matagaa upepo ukizidi. Mfenesi ni mti mzuri, ila fenesi moja linaweza kuzidi kilo 30, kwa hiyo anayeegesha gari chini yake huulizwa kama gari hilo amelichoka.

Mnazi ni habari nyingine. Huo ni mti wa wakwezi, watu wenye ufundi wao waliourithi, na mkata miti mwenye busara huwa haoni haya kumwita mkwezi. Sote tunajua kwa nini Waswahili humwambia mtu aliye hatarini kwamba amekalia kuti kavu. Kwa mkwezi, hayo si mafumbo.

Mwembe nao una walinzi wake: majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Fundi akianza kurukaruka na kujipiga mapaja huko juu, walio chini hupiga makofi na kumwambia anacheza sindimba vizuri, atafutiwe ngoma. Lakini kicheko hicho hakidumu. Mtu anayeumwa na majimoto hamsini kwa pamoja huachia mikono. Kanuni ya kwanza ya mpandaji mzoefu ni kujifunga kwenye shina kabla hajagusa kiota, akiwa amevaa mikono mirefu iliyobana viwikoni. Na usikimbilie kuwapulizia sumu. Majimoto hula wadudu waharibifu wa maembe na nazi, na wakulima wengi wa pwani huwaacha makusudi wawalindie mazao.

Nyuki ni tofauti. Ukijua mti wako una mzinga, mweleze fundi kabla hajaja, atafutwe mrina asali awahamishe kwanza. Vilevile utomvu: wa mwembe huwasha na kubabua ngozi za baadhi ya watu, na wa mnyaa ukiingia machoni ni hatari. Maji safi mengi karibu na eneo la kazi si anasa.

Dalili za kumwita fundi

Huhitaji kusubiri mvua. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, zunguka mti wako taratibu na uangalie mambo haya.

Tazama chini ya shina. Uyoga unaoota kwenye shina au mizizi ni dalili kwamba ndani kuna kuoza. Ona kama udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja; mti uliozaliwa umeinama huweza kuishi miaka mingi, lakini mti ulioinama wiki iliyopita uko safarini. Angalia kama mmechimba msingi, karo au mtaro karibu nao, kwa sababu mizizi mingi ya mti haiko ndani sana kama watu wanavyodhani. Iko karibu na uso wa ardhi na huenea mbali kupita kivuli cha matawi. Ukikata mizizi ya upande mmoja, umeukata mti mguu.

Panda macho. Pale shina linapogawanyika mapande mawili yaliyobanana kama herufi V, gome likiwa limeingia katikati, hapo pana udhaifu. Tafuta nyufa, matawi makavu, na matundu ya mchwa. Gonga shina kwa nyundo ya mbao. Likilia kama ngoma, lina uwazi ndani. Uwazi peke yake si hukumu ya kifo, kwani miembe mingi ya zamani imesimama ikiwa na uwazi, ila ni sababu ya kumwita mtu anayejua.

Pwani yetu haikosi upepo. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja na upepo mkali na mvua kubwa hadi Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo, muda wa kupogoa umekwisha. Siku hiyo ni ya kuhamisha gari na kuwatoa watoto kwenye chumba kilicho chini ya mti.

Maswali matano ya kumuuliza fundi

Fundi mzuri haogopi maswali. Muulize haya, kwa heshima, kabla ya kuzungumza bei.

Kwanza, mko wangapi? Akikwambia yuko peke yake na ngazi yake, mshukuru na umwage. Mpandaji lazima awe na mtu wa kamba na mtu wa kulinda eneo la chini. Vijiweni husemwa kwamba ukiwa juu, mtu wa kamba ndiye mzazi wako. Ukimwona anachezea simu, jihesabu yatima.

Pili, utajifunga na nini? Mkanda wa usalama na kamba imara isiyochakaa ndiyo jibu. Anapokata, mzoefu hujifunga sehemu mbili, ili msumeno ukigusa kamba moja kwa bahati mbaya, ya pili imshike. Kamba ya katani ya kuchotea maji kisimani si jibu.

Tatu, utavaa nini? Buti, kofia ngumu, miwani ya kinga, na vizibo au vikinga masikio. Msumeno wa mnyororo, au chenso kama wenyewe wanavyouita, hupiga kelele zinazozidi desibeli 100, na sikio huanza kuumia kelele za kila siku zikipita 85. Mafundi wenye umri hutaniana kwa kupaza sauti, na mgeni hudhani wanagombana. Ukweli ni kwamba wengine hawasikii tena vizuri. Aliyekuja na yeboyebo, hata akiwa hodari vipi, amekuja kupiga soga.

Nne, utakatia wapi na vitadondokea wapi? Anayejua kazi atauzunguka mti, atakuonyesha kwa kidole, atauliza shimo la choo liko wapi na bomba la maji linapita wapi. Asiyejua ataanza kuvua shati.

Tano, akiumia nani anagharamia? Ni swali zito, na wengi hulikwepa. Kampuni iliyosajiliwa huchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mfanyakazi wake akiumia kazini kuna mahali pa kuanzia. Kibarua uliyemwokota njiani hana. Bei yake ni ndogo kwa sababu hatari yote ameibeba yeye, mkewe na watoto wake.

Na kuna kipimo kimoja cha kimya kimya. Tazama unga unaotoka kwenye chenso. Mnyororo mkali hutoa vipande vipande kama makombo ya mkate. Mnyororo butu hutoa vumbi laini. Fundi anayekandamiza msumeno kwa nguvu huku vumbi likimjaa usoni hajanoa, na asiyenoa kifaa chake kuna mengine pia ambayo hajayafanya.

Akikukatalia, msikilize

Ombi linalowaudhi mafundi wazuri kuliko yote ni hili: "Nikatie kichwa chote, ubaki mkono tu." Wenye nyumba hudhani mti uliokatwa kichwa ni salama zaidi. Mambo ni kinyume chake.

Majani ndiyo jiko la mti. Ukiyaondoa yote, mti wenye njaa hutumia akiba yake kuotesha machipukizi mengi kwa haraka. Machipukizi hayo hayajajengeka kutoka ndani ya shina kama tawi la asili, yameshikilia pembeni tu, karibu na gome. Baada ya miaka michache yamekuwa matawi mazito yaliyokaa juu ya jeraha linalooza. Upepo ukija, ndiyo ya kwanza kuanguka. Mwashoki uliokatwa ncha hugeuka ufagio, haupendezi tena wala haupungui usumbufu. Fundi akikubali kukata kichwa bila kusema neno, anajua utamwita tena. Akikataa na kukushauri upunguze matawi machache kutoka ndani, si zaidi ya robo ya majani yote kwa mara moja, huyo anautafutia mti wako maisha.

Kuna namna ya kukata tawi pia. Mtaalamu wa Kimarekani Alex Shigo, aliyeishi kati ya 1930 na 2006, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno ili aone kinachotokea ndani baada ya jeraha. Alionyesha kwamba mti hauponi kama ngozi ya mtu. Unachofanya ni kujenga kuta ndani yake ili kuufungia uozo usisambae, kisha mti mpya huota pembeni na kufunika jeraha. Kwa hiyo sehemu inayokatwa ina maana kubwa. Pale tawi linapotokea kwenye shina kuna uvimbe kama kola ya shati. Ukikata ndani ya kola hiyo, umebomoa ukuta. Ukiacha kigutu kirefu, kitaoza na kuupeleka uozo ndani. Mkato mzuri hupita nje kidogo tu ya kola.

Tawi zito hukatwa mara tatu. Mkato wa kwanza hutokea chini, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, robo ya unene. Wa pili hutokea juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza. Tawi linakatika bila kuchuna gome la shina. Wa tatu huondoa kigutu kilichobaki. Anayekata mara moja tu kutoka juu utamjua kwa lile pande la gome lililochunika hadi chini.

Na rangi au oili chafu juu ya jeraha? Achana nayo. Haizuii kuoza, na inaweza kufungia unyevu ndani.

Ngazi na chenso haviendi pamoja

Kuna kisa cha zamani cha mtu aliyekata tawi alilolikalia. Mafundi husema mtu huyo hajafa, amenunua ngazi. Maana yao ni hii: ukiegemeza ngazi kwenye tawi, ukalikata mbele ya ngazi, ncha nzito inaanguka na sehemu iliyobaki, ikiwa imepunguziwa mzigo, inaruka juu. Ngazi inakosa pa kuegemea. Aliye juu yake ana chenso inayonguruma mkononi.

Chenso yenyewe ina hila. Sehemu ya juu ya ncha ya upanga wake ikigusa kitu ghafla, mashine yote hurushwa nyuma kumwelekea mwenye kuishika, kwa kasi ambayo hakuna mtu anayewahi kuikwepa. Ndiyo maana hushikwa kwa mikono miwili, haiinuliwi juu ya mabega, na breki yake ya mnyororo hujaribiwa kila asubuhi. Baba mwenye nyumba aliyeazima chenso ya rafiki ili "aokoe hela kidogo" asome aya hii mara mbili, na mama mwenye nyumba amsomee ya tatu.

Umeme hauna utani

Hapa hata vijiwe vyenye kelele hunyamaza. Mti mbichi hupitisha umeme, ngazi ya alumini hupitisha umeme, na nyaya za msongo wa kilovolti 11 au 33 zinazopita mitaani zinaweza kumpiga mtu kabla hajazigusa, umeme ukiruka kwenye hewa. Waya kuonekana una plastiki nyeusi si kinga.

Tawi likiwa limegusa au limekaribia waya, usimwite mkata miti. Ita TANESCO kwanza, wazime laini au wakate wenyewe. Fundi anayekwambia "nitakwepa tu" anakuomba ushuhudie.

Kumbuka pia kwamba mti ulio nje ya uzio wako, kwenye hifadhi ya barabara, si wako hata kama uliupanda mwenyewe. Anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Na kama una mti wa asili kama mvule au mninga, uliza kwanza ofisi ya misitu ya wilaya, maana ina masharti yake.

Siku ya kazi

Mwenye nyumba ana wajibu wake siku hiyo.

Waambie majirani jana yake, hasa kama matawi yamevuka ukuta. Neno la heshima mapema huokoa safari ya kwa mjumbe. Ondoa gari, nguo kwenye kamba, ndoo na kuku. Watoto wakae ndani au wapelekwe kwa shangazi, kwa sababu mtoto huvutiwa na chenso kama nzi na asali. Mbwa afungwe.

Sema ukweli kuhusu misumari. Kila mti wa uani umewahi kuwa mlingoti wa kamba ya kufulia, ubao wa matangazo au goli la mpira. Msumari uliomezwa na gome miaka kumi iliyopita huharibu mnyororo na unaweza kuurusha. Mafundi huwa na mchezo wa kubahatisha: msumari, waya, au bawaba ya mlango? Anayekosea ananunua soda. Wewe mwenye nyumba unajua jibu, basi litoe mapema.

Kubalianeni kuhusu kuni kabla ya mkato wa kwanza. Hapa ndipo urafiki huvunjika. Mwenye nyumba alidhani kuni ni zake, fundi alishamwahidi mama ntilie, na jirani ameshatuma toroli. Mkubaliane pia nani atabeba majani, maana mti ukiwa chini ni mkubwa mara mbili kuliko ulipokuwa umesimama.

Wape chai na maji, ila usiwasemeshe walio juu. Kikosi kizuri kina lugha yake: aliye juu huuliza, "Chini kupo salama?" Wa chini hujibu, "Salama!" Asipojibu, msumeno haugusi tawi. Ukimya maana yake ni hapana. Wewe ukipita katikati kuuliza kama wanaongeza sukari, umeikata lugha hiyo.

Mwisho, wape nafasi ya kusema leo haiwezekani. Upepo ukivuma au mvua ikianza, gome huteleza na kamba hulowa. Fundi akishuka na kusema tutarudi kesho, mlipe nauli yake bila kununa. Wapo waliopanda katika mvua kwa sababu tajiri alikuwa amenuna.

Ikitokea ajali

Aliyeanguka asinyanyuliwe wala kukalishwa, labda pawe na hatari kubwa zaidi mahali alipo. Mwache alale, shingo na mgongo visitikiswe, mfunike, uite msaada. Aliyekatwa na msumeno, bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi na usiachie kila dakika kuchungulia. Aliyenaswa na umeme asiguswe kabla umeme haujazimwa. Aliyening'inia kwenye mkanda akiwa amezirai ateremshwe upesi, asiachwe akining'inia. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Iandike ukutani kabla kazi haijaanza, pamoja na jina la hospitali ya karibu na gari litakalotumika.

Wakongwe wa kazi hii wana kanuni moja kwa vijana wapya: kila mmoja wa kikosi ajue namba ya mtu wa nyumbani kwa mwenzake. Vijana hutania kwamba ni ya kupeleka umbea kwa mke. Wakongwe huwaacha wacheke, ila namba wanaziandika.

Samaki mkunje angali mbichi

Ushauri wa mwisho ndio unaowanyima mafundi hela, na bado wanautoa. Mti hupogolewa ukiwa mdogo. Mwembe wa miaka mitatu, wenye mapande mawili yanayogombania kilele, hurekebishwa na msumeno mdogo wa mkono kwa dakika tano, wewe ukiwa umesimama chini. Jeraha lake ni la ukubwa wa kidole na hufunga haraka. Ukiusubiri miaka ishirini, pande lile lile linahitaji watu wanne, kamba, mkanda na sala.

Pogoa mwembe baada ya kuvuna na kabla mvua kubwa hazijaanza, ukiangalia kwanza kama hakuna ndege aliyelalia mayai. Ondoa matawi makavu, yanayosuguana na yanayoelekea kwenye nyumba. Unapopanda mche mpya, usiupime kwa ukubwa wake wa leo. Simama pale, nyoosha mikono, fikiria mti wa mita 15, kisha usogee mbali na ukuta, karo na nyaya.

Basi mwaka huu, tawi likikusumbua, mwite fundi mapema, muulize yale maswali matano, na umlipe bei inayotosha kununua kamba mpya. Kivuli cha mwembe kitabaki kuwa chako, na aliyeupanda atakula ugali wake wa jioni na watoto wake.